Waya wa ethi kwenye kebo ya ardhini: unene, njia na vipimo kabla ya kufukia

Kosa linalorudiwa sana kwenye umeme wa chini ya ardhi ni hili: fundi anavuta laivu na nyutro hadi banda la nyuma, anagongomea fimbo ya ethi kando ya ukuta, basi anahesabu kazi imekwisha. Haijaisha. Udongo si waya. Tuseme fimbo hiyo ina ukinzani wa omu 20, kipimo ambacho wengi wangekifurahia. Laivu ikigusa bati la mashine, volti 230 ukigawa kwa 20 unapata ampia 11.5. Breka ya ampia 16 inaona huo ni mzigo wa kawaida, na bati linabaki na umeme likimsubiri mtu aliguse.

Sasa pitisha waya wa ethi wa shaba wa 4 mm² pamoja na laivu ya unene huohuo, mita 50. Nyaya hizo mbili, kwenda na kurudi, zina omu 0.46 hivi. Ukiongeza, kwa mfano, 0.35 ya upande wa usambazaji, jumla ni 0.81, na hitilafu ikitokea zinapita ampia zaidi ya 280. Breka ya B16, yaani ya ampia 16 ya aina ya B, inahitaji 80 ili iruke papo hapo. C16, ya aina ya C, inahitaji 160. Palipo na mfumo wa TT, ambapo fimbo ndiyo njia pekee, RCD, kifaa kinachokata umeme unapovuja kwenda ardhini, ni lazima.

Kwa unene, BS 7671, kanuni za Uingereza za ufungaji umeme, ina jedwali rahisi: laivu ya hadi 16 mm², ethi iwe sawa nayo, zaidi ya 16 hadi 35, ethi 16, zaidi ya 35, nusu ya laivu. Hayo ni pale laivu na ethi zinapokuwa za metali ileile. Waya unaokwenda kwenye fimbo ukiwa umezikwa peke yake una masharti mazito zaidi: shaba isiyokingwa dhidi ya kutu isipungue 25 mm², na iliyokingwa dhidi ya kutu lakini si dhidi ya jembe, 16 mm². Udongo hula shaba polepole, na hakuna anayeona.

Kebo yenyewe iwe na ganda la nyaya za chuma lililounganishwa na ethi, au ipite ndani ya bomba gumu linaloikinga vilevile. Kanuni hizo hazitaji kina kwa sentimita, zinataka kitoshe tu. Sentimita 60 ni kina kizuri. Laza kebo juu ya mchanga usio na mawe, ifunike kwa mchanga, kisha tandaza utepe wa onyo juu yake kabla ya kurudisha udongo.

Ganda la chuma linaweza kutumika kama ethi, lakini tunashauri ununue kebo yenye kori (waya wa ndani) ya ziada kwa kazi hiyo. Ganda linategemea glandi, kibano kinacholishika kwenye boksi, na glandi hulegea. Kwenye boksi la plastiki haishiki chochote: lazima uweke pete ya ethi na waya mfupi hadi kwenye baa ya ethi. Kwenye boksi la chuma, kwangua rangi hadi chuma king'ae pale pete inapokaa. Usiweke swichi wala fyuzi kwenye waya wa ethi, na rangi ya kijani na njano usiitumie kwa kazi nyingine yoyote.

Pima mtaro ukiwa wazi na umeme umezimwa. Kwanza mwendelezo wa ethi, yaani kwamba waya haujakatika, toka mwisho hadi mwisho: kwa mfano wetu, omu 0.23 hivi. Halafu insulesheni kwa volti 500 za DC, vifaa vikiwa vimetolewa. Isipungue megaomu 1, ingawa kebo mpya inapaswa kusoma juu zaidi ya hapo. Ukishafukia na kuwasha, pima ukinzani wa mzunguko mzima wa hitilafu: kwa B16 usizidi omu 2.73, kwa C16 omu 1.37.

Andika vipimo vyote ndani ya mlango wa bodi. Siku ile 0.23 itakaposoma 1, anza kufungua glandi.