Jinsi ya kumsoma Regina George ukitazama na mdogo wako

Mkiketi hapo Kisauni kutazama Mean Girls, ile filamu ya 2004 ya wasichana wa shule ambapo Regina ndiye kinara wa kikundi, usimwache mdogo wako aangalie nguo na nywele tu. Simamisha pale Regina anapomsifu msichana sketi, akigeuka tu anasema ni mbaya, umuulize, huyu akikusifu wewe utamuamini? Alafu ile simu ndio muhimu zaidi, manake Regina anaongea na Cady, yule msichana mgeni shuleni, huku Gretchen, rafiki yake Regina, yuko kwa laini anasikiza kimya, anamchokonoa Cady mpaka amseme Gretchen na Regina mwenyewe ametulia tu, na wallahi inaniuma manake watoto wetu wanafanyiana hivi hivi. Mwambie wazi, anawagonganisha ili wote wamtegemee yeye. Akiambiwa shuleni "fulani amekusema", akamuulize huyo fulani mwenyewe kwanza.