Ninavyoifundisha simu kunitafutia dansi la zamani

Mimi ni fundi cherehani hapa Morogoro, na siku yangu haiendi bila muziki wa dansi. Kwa muda mrefu simu ilikuwa ikinirudishia nyimbo kumi zile zile, mpaka nikaelewa sababu: mikono ikiwa kwenye kitambaa, niliacha kila wimbo uishe. Programu za muziki kama YouTube na Spotify zinaangalia ulichosikiliza hadi mwisho na ulichokiruka. Ukinyamaza, zinajua umependa.

Kwa hiyo kabla ya kutafuta kipya, safisha. Kwenye YouTube fungua historia yako ufute katuni za watoto na mahubiri uliyomfungulia mgeni. Mtoto akiomba simu, simamisha historia kwanza.

Halafu panda mbegu moja tu, yaani mwanamuziki mmoja wa kuanzia. Yangu ilikuwa Mbaraka Mwinshehe, enzi zake za Morogoro Jazz. Kwenye Spotify niligusa vidoti vitatu kando ya wimbo wake mmoja, nikachagua redio ya wimbo huo, yaani mfululizo wa nyimbo zinazofanana nao, nikakaa nusu saa bila kugusa cherehani. Gitaa likinishika, naupa wimbo alama ya kupenda. Lisiponishika, naruka kabla ya sekunde 30, maana zikipita wimbo umeshahesabiwa kuwa umesikilizwa. Hiyo nusu saa usiionee uchoyo; ndiyo kazi yenyewe.

Majina nayo yanasumbua. Marijani Rajabu utamkuta pengine kaandikwa Rajab, pengine wimbo umewekwa kwa jina la bendi yake, Dar International, peke yake. Tafuta kwa kila namna.

Baada ya wiki chache, fungua Discover Weekly, orodha ambayo Spotify inakutengenezea wewe. Kila Jumatatu inaleta nyimbo mpya, ikiangalia pia watu wenye masikio kama yako wamekusanya nini kwenye orodha zao. Unachokipenda kihifadhi siku hiyo hiyo, kwa sababu Jumatatu ifuatayo orodha inabadilishwa. Mimi ndivyo nilivyowapata Atomic Jazz wa Tanga. Gitaa la solo lilipoingia nilitoa mguu kwenye pedali, suruali ya mteja ikabaki na pindo moja hadi wimbo ulipokwisha.

Na usiache kusoma maoni chini ya nyimbo za zamani YouTube. Wazee wanaandika humo nani alipiga solo, nani rizimu, nani besi, na bendi ilikuwa ikipiga ukumbi gani. Chukua jina la mpiga gitaa mmoja, liandike kwenye sehemu ya kutafutia, uanze upya na mbegu hiyo.