Kabla ya Kupanda Mlimani Kuhesabu Watu: Mambo ya Kuzingatia kwa Wanafunzi wa Jiografia ya Binadamu

Kila mwaka vikundi vya wanafunzi kutoka shule na vyuo vya Moshi na Arusha hupewa kazi ya uwandani kuhusu idadi ya watu, uhamiaji au kanda, na kila mwaka baadhi yao hurudi na madaftari yaliyojaa tarakimu zisizofaa kwa lolote. Mada zenyewe si ngumu. Kinachoharibu kazi ni kwamba maandalizi huishia kwenye nauli, chakula na fulana za kikundi, ilhali maamuzi ambayo yangepaswa kufanywa mezani huachwa yafanyike mlangoni pa mtu, huku mbwa akibweka na mwenye nyumba akingoja. Haya yafuatayo yamalizeni kabla hamjaondoka.

Barua ya utambulisho ichukuliwe mapema. Ianzie ofisi ya Katibu Tawala wa Wilaya, iende kwa mtendaji wa kata, kisha kwa mtendaji wa kijiji, na hatimaye kwa mwenyekiti wa kitongoji, ambaye ndiye atakayewatembeza. Msiruke ngazi hata moja. Madodoso ya akiba, kalamu, maji ya kunywa na viatu vinavyohimili mteremko havihitaji maelezo.

Kabla ya kumuuliza mtu yeyote swali lolote, someni kile ambacho kimekwisha kuhesabiwa. Sensa ya 2022 iliukuta Mkoa wa Kilimanjaro na watu wapatao milioni 1.86, kutoka milioni 1.64 mwaka 2012; katika muda huohuo Arusha ilipanda kutoka milioni 1.69 hadi milioni 2.36. Kwa hesabu hiyo Kilimanjaro ilikua kwa wastani wa asilimia 1.3 kwa mwaka na Arusha kwa asilimia 3.3, wakati nchi nzima, iliyofikia watu milioni 61.7, ilikua kwa asilimia 3.2. Mikoa hii miwili inapakana na inatumia barabara kuu moja, lakini mmoja unakwenda na kasi ya taifa na mwingine haufikii hata nusu yake; swali la utafiti limekwisha kupatikana hapo bila ya kupanda gari. Kumbukeni kwamba idadi ya watu wa mahali hubadilika kwa njia nne tu, yaani kuzaliwa, kufa, kuingia na kutoka. Kikundi kisichojua kinafuatilia ipi kati ya hizo nne kitarudi na masimulizi ya ugumu wa maisha, ambayo ni ya kweli lakini hayakuwa kazi waliyopewa.

Hakikisheni pia kwamba eneo mnalolilinganisha na miaka ya nyuma ni lilelile. Mwanafunzi akichukua idadi ya watu wa Mkoa wa Arusha ya 1988, takriban milioni 1.35, akaiweka kando ya ile ya 2002, takriban milioni 1.29, ataandika kwamba watu walipungua, na pengine atatafuta ukame wa kuulaumu. Watu hawakupungua. Mwaka 2002 Mkoa wa Manyara ulimegwa kutoka Arusha na kuondoka na wilaya zake pamoja na watu zaidi ya milioni moja. Kata na vijiji navyo hugawanywa mara kwa mara, kwa hiyo ulizeni kata yenu ilianzishwa mwaka gani na ilitoka wapi.

Msongamano usikokotolewe kwa mkoa mzima kama mna njia nyingine. Ukiwagawa watu wa Kilimanjaro kwa kilomita zake za mraba zipatazo 13,250 unapata kama watu 140 kwa kila kilomita ya mraba, namba ambayo haimwelezi mkazi yeyote wa mkoa huo: kileleni na ndani ya hifadhi hakuna vijiji, nyanda kavu za Same kuelekea Mkomazi zina watu wachache, na ukanda wa migomba na kahawa wa Machame, Kibosho, Marangu na Rombo umebanana kihamba kwa kihamba, yaani shamba la ukoo lililoshikana na shamba la ukoo. Tumieni ardhi inayolimika kuwa kigawanyo, na sababu ya vijana kuondoka itaanza kuonekana kwenye hesabu yenyewe. Kwa desturi ya Wachagga kifungua mimba hupewa sehemu yake na kitinda mimba hurithi nyumba ya wazazi; kihamba kikishakatwa vizazi viwili au vitatu, watoto wa kati hawana pa kukatiwa, na huo ni msukumo wa kuhama hata kama mjini hakuna kazi inayowaita.

Amueni kwa maandishi nani ni mhamiaji. Ernst Georg Ravenstein, aliyechapisha kanuni zake za uhamiaji mwaka 1885 kutokana na takwimu za sensa za Uingereza, aliona kwamba wahamaji wengi huenda masafa mafupi, kwamba katika masafa hayo wanawake huwazidi wanaume, na kwamba kila mkondo wa watu wanaotoka huzaa mkondo mwingine wa kurudi upande wa pili. Wanafunzi huikariri kanuni hii kwa ajili ya mtihani, kisha wakifika kijijini humruka mama aliyeolewa kutoka kata ya jirani kwa sababu hakupanda basi. Mwandikeni. Kwa upande mwingine, mfanyabiashara wa Tarakea anayevuka mpaka wa Kenya asubuhi na kurudi jioni si mhamiaji, hata kama amebadili nchi mara mbili kwa siku. Tena msiridhike na chanzo na mwisho wa safari: ulizeni kila kituo alichokaa, kwa maana mtu aliyetoka Rombo na sasa yuko Dar es Salaam huenda alianzia Moshi mjini, akapitia Arusha, akajaribu Mirerani kwenye machimbo ya tanzaniti.

Sasa kuna suala la tarehe, ambalo naliona likidharauliwa kuliko yote. Kikundi kimoja cha chuo, ambacho uwasilishaji wake nilialikwa kuusikiliza, kilipanga kwenda kwenye kijiji kimoja cha mteremkoni kati ya Krismasi na Mwaka Mpya. Sababu zao zilisikika vizuri: chuo kimefungwa, wawili miongoni mwao ni wenyeji kwa hiyo malazi ni ya bure, na watu wote watakuwepo nyumbani. Hiyo ya tatu ndiyo iliyowaponza. Yeyote aliyewahi kutafuta tiketi ya basi la kutoka Dar es Salaam kwenda Moshi katika wiki ya tatu ya Desemba anajua kinachotokea. Hata treni iliyorejea njia hiyo Desemba 2019 haikuwamaliza abiria. Vijiji vya juu hufurika. Vijana hao walikuta kaya kubwa ajabu, na piramidi yao ya umri na jinsia ilikuwa na kitambi: wanaume wa miaka 25 hadi 45 walikuwa wengi kuliko watoto wa shule ya msingi. Wakahitimisha, kwa lugha ya kujiamini kabisa, kwamba uhamaji wa kutoka mlimani umetiwa chumvi na vitabu.

Mama mmoja aliyekuwa kwenye jopo, mzaliwa wa ukanda huohuo, aliwauliza swali moja tu: hao wanaume mwezi Februari wanalala wapi?

Ikabidi warudi mwezi huo wakajionee, kwa nauli zao na madodoso mapya, na baadhi yao walichelewa kuhitimu kwa ajili hiyo. Walikuta mageti yenye kufuli, na nyumba za bati jipya zilizokaliwa na bibi na mjukuu mmoja. Walikuta pia vijana wa kazi, wanaokata majani ya ng'ombe na kupalilia migomba, waliotoka mikoa mingine. Hawa hawakuwemo kwenye hesabu ya kwanza hata kidogo, kwa kuwa Desemba nao walikuwa wamekwenda kwao. Kwa hiyo ziara moja ya sikukuu ilikuwa imeficha mkondo wa wanaotoka na mkondo wa wanaoingia kwa pamoja, na kanuni ya Ravenstein waliyoiandika kwenye sura ya pili ya ripoti ilikuwa imewapita mbele ya macho.

Dodoso lao nalo lilichangia. Liliuliza, "Mnaishi wangapi hapa?" Bibi mwenye wana sita aliwataja wote sita, pamoja na aliyeko Mwanza na aliyeko Nairobi, kwa sababu vihamba vyao viko pale na watazikwa pale. Hakudanganya, aliulizwa habari za ukoo na akajibu habari za ukoo. Sensa ya taifa huepuka mtego huu kwa kuushika usiku mmoja: mwaka 2022 waliohesabiwa ni waliolala katika kaya usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti, na sensa zote tangu ile ya 1967 zimefanyika mwezi wa Agosti, msimu wa kiangazi, mbali na pilikapilika za mwisho wa mwaka. Nanyi fanyeni hivyo. Wekeni safu ya waliolala hapa jana, safu ya wanaoishi hapa kwa kawaida zaidi ya miezi sita kwa mwaka, na safu ya wa nyumbani wanaoishi kwingine, mkiandika wako wapi, tangu mwaka gani na mara ya mwisho walikuja lini. Kaya maana yake wanaopika na kula pamoja, si wote walio ndani ya ua mmoja. Na kama hamna budi kwenda Desemba, andikeni hivyo kwenye kichwa cha ripoti na mfanye utafiti wa wanaorudi nyumbani sikukuu, ambao ni mada nzuri kwa haki yake.

Waliopewa mada ya kanda wachague aina moja kabla ya kuchora mstari wowote. Ukanda wa kahawa na migomba hutambuliwa kwa kufanana kwa mvua, udongo na mazao. Ukanda wa utendaji wa mji wa Moshi hutambuliwa kwa safari za watu kwenda sokoni, hospitalini na benki. Na Kanda ya Kaskazini huishi zaidi kwenye fikra na kwenye mipangilio ya ofisi, ndiyo maana Tanga leo imo na kesho haimo. Mkitaka kuona mipaka ya utendaji, simameni Boma Ng'ombe, mji ulio njiani kati ya Moshi na Arusha, na muulize watu huenda wapi kwa bidhaa za jumla na wapi kwa matibabu makubwa. Majibu ya maswali hayo mawili yanaweza kuelekea miji tofauti, na ramani yenu inapaswa kuonyesha hivyo badala ya kulazimisha duara moja.

Mengine ni tahadhari za kawaida. Majina ya watu yasitoke kwenye daftari lenu. Ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata isingekuwepo heshima ingetosha. Msiulize ukubwa wa kihamba mbele ya jirani wala mbele ya ndugu wawili wa kiume. Msiahidi mradi, msaada wala kurudi. Pakiwa na msiba, ahirisheni. Masika yakikolea barabara za udongo huteleza, na gari la mwisho kushuka mjini haliwasubiri wanafunzi. Pigeni picha madodoso yaliyojazwa kila jioni, msiwapige picha watoto, na mkiambiwa na mwenyekiti wa kitongoji kwamba nyumba fulani ipitwe, ipiteni.