Mambo ya kuzingatia kabla ya kuusaka ukoo wa wakulima wa Iowa kwenye sensa na tanzia

Wapo wenzetu ambao watoto au wajukuu wao, kwa upande mmoja wa nasaba, wanaishia shambani Iowa, jimbo la Marekani. Mtoto anarudi na kazi ya shule ya kuchora mti wa ukoo, mzazi anafungua tovuti ya bure, anaandika jina la babu, na kabla ya chakula cha jioni ana vizazi sita mkononi. Baadhi ya vizazi hivyo si vyake kabisa. Yafuatayo yapitie kabla hujagusa kompyuta.

Anza na walio hai. Wazee waulizwe majina, mahali, nani aliolewa wapi, na nani hakuzikwa pamoja na wenzake. Picha zigeuzwe nyuma zisomwe.

Usianze kutafuta ukiwa na jina peke yake. Uwe na kaunti, mwaka wa kuzaliwa japo wa kukadiria, na jina la mtu mwingine mmoja aliyeishi katika kaya hiyo. Mtu wa pili ndiye atakayekuhakikishia kuwa umefika nyumba uliyoikusudia.

Jua kila sensa inakupa nini. Sensa ya taifa Marekani hufanyika kila baada ya miaka 10 tangu 1790, lakini hadi 1840 iliandika jina la mkuu wa kaya tu. Wengine ni tarakimu kwenye visanduku vya umri. Mwaka 1850 ndipo kila mtu huru alipoanza kuandikwa jina lake. Uhusiano na mkuu wa kaya ukaanza 1880, pamoja na mahali walipozaliwa baba na mama wa kila mtu. Ya 1900 ina mwezi na mwaka wa kuzaliwa, miaka ya ndoa, na kwa kila mama, amezaa wangapi na wangapi wako hai. Ya 1940 ina alama ya X ndani ya duara kando ya jina la aliyemjibu karani, kwa hiyo unajua kama taarifa ni za mama mwenyewe au za kijana wa miaka kumi na sita aliyekutwa nyumbani. Majina hufungwa kwa miaka 72. Ya 1950 ilifunguliwa Aprili 2022, na ya 1960 itasubiri hadi 2032.

Kwa waliotoka Ujerumani, sensa kongwe mara nyingi ni bora kuliko mpya. Mwaka 1860 na 1870 makarani walielekezwa kuandika dola lenyewe: Prussia, Hannover, Mecklenburg. Baada ya Ujerumani kuungana 1871, wengi wakaandikwa "Germany" basi, na hapo umepoteza njia ya kurudi kijijini.

Shimo la sensa ya 1890 lijue mapema. Moto wa Januari 1921 kwenye jengo la Wizara ya Biashara mjini Washington uliharibu sehemu kubwa ya karatasi za sensa hiyo, na zilizobaki nyingi zikaja kuteketezwa kwa amri. Kwa hiyo kati ya 1880 na 1900 una miaka 20 ya giza. Msichana aliyezaliwa 1881 akaolewa 1899 hataonekana na wazazi wake kwenye sensa yoyote ya taifa. Bahati nzuri Iowa ilikuwa na sensa zake za jimbo: 1885, 1895, 1905, 1915 na 1925. Ya 1885 huonyesha kaunti ya kuzaliwa kwa waliozaliwa Iowa. Ya 1925 ni dhahabu, maana inataja majina ya wazazi wa kila mtu, pamoja na jina la ukoo wa mama kabla ya kuolewa. Ukiwa na mzee aliyekuwa hai Iowa mwaka huo, anza hapo kabla ya kwingine kote.

Umri wa kwenye sensa haukai mahali pamoja. Mama wa miaka 24 mwaka 1870 anaweza kuwa 32 mwaka 1880; tofauti ya miaka miwili mitatu isikushtue. Ila angalia siku ya sensa. Kuanzia 1830 hadi 1900 kwa kawaida ilikuwa tarehe 1 Juni, mwaka 1910 ni 15 Aprili, 1920 ni 1 Januari. Karani anaweza kuwa alifika Agosti, lakini aliagizwa kuandika hali ya siku ya sensa. Mtoto aliyezaliwa Julai 1870 hakupaswa kuwemo, na bibi aliyefariki Juni katikati alipaswa kuwemo.

Soma picha ya karatasi yenyewe, usiishie kwenye faharasa. Faharasa imetengenezwa na watu waliochoka au na mashine, na mwandiko wa kale una S inayofanana na L na T inayofanana na F. Jina la ubini likigoma, liache wazi, utafute kwa jina la kwanza, umri na mahali pa kuzaliwa. Likigoma tena, fungua kurasa za taunishipu nzima (eneo la maili 6 kwa 6, lenye sehemu 36 za ekari 640 kila moja) usome mstari kwa mstari. Taunishipu ya mashambani haina kurasa nyingi. Kisha nenda kurasa tano mbele na tano nyuma, kwa sababu ndugu na wakwe walinunua mashamba jirani. Safu mbili za kwanza, namba ya nyumba na namba ya familia, zisirukwe: familia mbili zenye namba moja ya nyumba walilala chini ya paa moja, na mara nyingi kuna sababu. Jina la posta lililo juu ya ukurasa usilichukue kama kijiji chao. Ni mahali walipochukulia barua.

Wanaume wawili wenye jina moja katika taunishipu moja ni jambo la kawaida, na kuwaunganisha kuwa mtu mmoja ni rahisi kuliko unavyodhani. Hapo ndipo karatasi za sensa ya kilimo zinapofaa. Zimebaki za 1850, 1860, 1870 na 1880, zikionyesha ekari zilizolimwa, farasi, ng'ombe wa maziwa, nguruwe, na busheli za mahindi. Ya 1880 inasema kama mtu ni mwenye shamba, amekodi kwa fedha, au analima kwa kugawana mavuno. Mmoja ana ekari 160 na farasi sita, mwenzake ni kibarua asiyeonekana humo kabisa: umeshawatenganisha. Mashamba madogo sana hayakuandikwa, kwa hiyo kukosekana pekee si ushahidi wa umaskini. Za 1890 ziliungua, na za 1900 na 1910 ziliharibiwa kwa amri ya Bunge. Ile namba ya fomu ya shamba unayoiona kwenye sensa ya watu ya 1900 haielekezi popote tena. Usipoteze wiki kuitafuta.

Kama ardhi ilipatikana kwa sheria ya 1862 ya kugawa ekari 160 kwa atakayeishi na kulima miaka mitano, omba jalada zima kutoka Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka. Hati ya mwisho ni karatasi moja tu. Jaladani mna ushahidi wa majirani wawili, ukubwa wa nyumba, na kwa mhamiaji, karatasi za uraia.

Sasa mama wa kambo. Hapa ndipo miti mingi ya ukoo inapooza, na inaoza kimyakimya, kwa sababu kila karatasi iko sahihi ukiisoma peke yake.

Chukua kaya ya mfano ya 1870. Baba ana miaka 46, mwanamke 29, watoto 17, 14, 11, 4 na 2. Sensa hiyo haisemi nani ni nani kwa nani, lakini wote wana ubini mmoja, kwa hiyo mtafutaji anaandika: baba, mama, watoto watano. Toa 17 kwenye 29, unapata 12. Simama hapo. Tena kati ya wa 11 na wa 4 kuna pengo la miaka saba. Pengo la namna hiyo laweza kuwa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865, laweza kuwa watoto waliofariki, na laweza kuwa mke wa kwanza aliyezikwa na wa pili aliyeolewa.

Mwaka 1880 mambo yanazidi kudanganya. Sasa safu ya uhusiano ipo, na watoto wote wameandikwa "mwana" au "binti". Lakini uhusiano huo ni kwa mkuu wa kaya, yaani baba. Kuhusu mama, safu hiyo haina neno. Mwaka 1900 yule mwanamke, sasa ana miaka 59, anamwambia karani amezaa watano na wanne wako hai. Akifariki 1913, gazeti la mji linaandika ameacha watoto saba. Mtafutaji anaona saba, anafurahi, anadhani karani wa 1900 alikosea hesabu. Hakukosea. Wanne ni wake, watatu ni wa marehemu mwenzake aliowalea tangu wadogo, na wakati wa msiba hakuna aliyewaita watoto wa kambo. Tanzia ilisema kweli kwa namna ya msibani. Ukizaliwa na mmoja wa wale watatu wakubwa, ukafuata ukoo wa mama huyu, umepanda hadi Bavaria kwa watu wasiokuhusu.

Hatari zaidi ni pale hesabu inapokubali. Mke wa pili wa miaka 40 na mtoto mkubwa wa 17 hawatoi king'ora chochote. Kwa hiyo fanya ukaguzi huu kwa kila kaya, hata isiyo na dalili. Tafuta tarehe ya ndoa kwenye kaunti, uilinganishe na kuzaliwa kwa kifungua mimba. Nenda makaburini, au angalia picha za mawe: jiwe dogo la zamani lenye "mke wa" fulani na tarehe ya 1865 ndilo jibu lako. Fungua karatasi za vifo za sensa. Ya 1870 inaorodhesha waliofariki kuanzia 1 Juni 1869 hadi 31 Mei 1870. Kisha weka pamoja tanzia na vyeti vya vifo vya watoto wote, wakubwa kwa wadogo, usome jina la mama kwenye kila kimoja. Wakubwa wakitaja jina moja na wadogo jingine, umefika. Wote wakitaja jina moja, angalia nani alitoa taarifa: mkwe aliyemkuta mama wa kambo tu ndiye mama anayemjua. Vyeti vya vifo vya kabla ya Julai 1880 usivitarajie, maana jimbo lilikuwa halijaanza kuandikisha.

Na kinyume chake kipo: mjane akiolewa tena, makarani wengi waliwapa watoto wake ubini wa baba mpya. Ukoo unapotea 1870, unaibuka 1880 kwa jina jingine.

Kuhusu tanzia zenyewe. Mwanamke mtafute kwa jina la mumewe, "Mrs." likifuatiwa na jina la mwanamume, kwa sababu lake huenda lisitajwe popote. Tafuta kwenye gazeti la alikofia, la alikokulia, na la kaunti waliyohama miaka 30 kabla. Soma na toleo la wiki inayofuata, kwenye shukrani za familia na orodha ya waliotoka mbali kuja kuzika. Ndugu wasiotajwa kwenye tanzia hujitokeza humo. "Alifariki Jumanne iliyopita" ihesabie kwa tarehe ya gazeti, lakini kama habari imenakiliwa kutoka gazeti jingine, Jumanne hiyo ni ya wiki ya nyuma zaidi. Orodha ya wafiwa mara nyingi huanza na wana kisha mabinti, si kwa mpangilio wa kuzaliwa. Wajerumani wengi walikuwa na magazeti yao kwa herufi za Fraktur, chapa ya kale ya Kijerumani. Jifunze kwanza kutofautisha s ndefu na f.

Umri ukiwa kwa miaka, miezi na siku, toa kwa mpangilio huo. Aliyefariki 14 Machi 1891 akiwa na miaka 67, miezi 9 na siku 20: unarudi 14 Machi 1824, kisha 14 Juni 1823, kisha 25 Mei 1823. Ukianza na siku unaweza kukosea kwa siku chache.

Usimdharau mjomba asiyeoa. Mkulima aliyekufa bila mke wala mtoto ana jalada la mirathi linalotaja kaka, dada, na watoto wa ndugu waliotangulia, pamoja na miji wanayoishi. Tanzia ya babu wa babu inaweza kuwa mistari minne. Ya huyu mjomba na mirathi yake vitakupa ukoo mzima.

Familia za wakulima weusi zina ukuta wa 1870, sensa ya kwanza kuwataja kwa majina waliokuwa utumwani. Orodha za watumwa za 1850 na 1860 kwa kawaida zina umri, jinsia na rangi chini ya jina la mmiliki, basi. Kutoka hapo unafuata nyaraka za mmiliki, na za benki ya walioachwa huru, ya 1865 hadi 1874.

Mengineyo: miti ya watu mtandaoni ichukuliwe kama fununu, maana kosa moja hunakiliwa na hamsini. Usilipie tovuti kabla ya kumaliza FamilySearch na magazeti ya Chronicling America, vyote bure. Piga simu mahakama ya kaunti kabla ya kusafiri. Walio hai usiwaweke hadharani, hasa tarehe za kuzaliwa na ubini wa mama zao, maana benki huuliza hayohayo. Viungo vya mtandaoni hufa, kwa hiyo pakua picha, na jina la faili liwe na mwaka, jimbo, kaunti, taunishipu, ukurasa na mstari.