Draiva Mpya Kila Januari: Namna ya Kujua Kama Inafaa Kununuliwa

Draiva ni fimbo ya gofu ya kupigia mkwaju wa kwanza wa mbali, na kampuni huitoa mpya karibu kila mwaka. TaylorMade ilitoa SIM mwaka 2020, SIM2 mwaka 2021, Stealth 2022, Stealth 2 mwaka 2023, Qi10 mwaka 2024 na Qi35 mwaka 2025. Callaway nayo, katika miaka hiyohiyo sita, ilipita Mavrik, Epic, Rogue ST, Paradym, Paradym Ai Smoke hadi Elyte. Kila draiva ilinadiwa kuwa inampita dada yake. Lau kila tangazo lingekuwa na ukweli wa yadi kumi tu, mwenye handikapu ya 20 (yaani anayezidi hesabu ya uwanja kwa mikwaju kama 20) leo angekuwa anatua kwa mkwaju mmoja kwenye grini, nyasi fupi zenye shimo, ya pa 4, inayotarajiwa kumalizwa kwa mikwaju minne.

Qi10 na Ai Smoke ziliingia sokoni Marekani kwa takriban dola 600 kila moja, kabla ya usafiri na ushuru. Ni fedha ambayo haifai kutolewa kwa kubahatisha, na hakuna haja ya kubahatisha: saa mbili na dazeni ya mipira zinatosha kukupa jibu.

Ukuta uliowekwa na kanuni

Taasisi mbili za gofu, USGA ya Marekani na R&A ya St Andrews, Uskoti, ndizo zinazoandika kanuni za vifaa, na draiva zimebanwa pande zote. Uwezo wa uso wa fimbo kuurudisha mpira, kipimo kinachoitwa COR, haupaswi kuzidi 0.83. Kichwa kisizidi sentimita za ujazo 460. Kikomo hicho ni cha tangu 2004. Fimbo nzima isizidi inchi 48, na tangu 2022 waandaaji wa mashindano ya ngazi ya juu wanaruhusiwa kuibana hadi inchi 46. Draiva nzuri zilishaugusa ukuta wa COR zamani. Kwa hiyo ukiupiga mpira katikati kabisa ya uso, draiva nzuri ya miaka minane iliyopita na ya mwaka huu zitautoa kwa kasi ileile, tofauti ikiwa ndogo mno kwa mchezaji wa kawaida kuiona.

Kilichoendelea kuboreshwa ni mkwaju mbaya. Mpira ukigonga karibu na ncha au kisigino cha uso, kichwa hujizungusha, kasi hupotea na mpira hupinda. Ukinzani wa kichwa dhidi ya kujizungusha huko hupimwa kwa MOI, na hapo pia kuna kikomo: gramu-sentimita za mraba 5,900. Mwaka 2024 Ping ilipotoa G430 Max 10K na TaylorMade ikatoa Qi10 Max, wengi walidhani kikomo kimevunjwa, maana zote mbili zilitangazwa kwa namba 10,000. Hakikuvunjwa. Namba hiyo ni jumla ya vipimo viwili: ukinzani wa ncha na kisigino, ukaongezewa ule wa juu na chini. Kanuni inabana cha kwanza peke yake, nacho kilikuwa kimekaribia kikomo hata kabla ya 2024. Hesabu si ya uongo, ila imepangwa ikuvutie.

Ukilinganisha draiva ya mwaka huu na ya mwaka jana, kwa hiyo, huna la maana la kutafuta. Ukilinganisha ya leo na ya 2008, lipo. Kwa makadirio yetu, mwenye draiva ya 2017 au baadaye, yenye shafti (mpini mrefu wa fimbo) inayomfaa, akae nayo hadi vipimo vimwambie vinginevyo. Ya kati ya 2008 na 2016 inastahili kupimwa kwa makini. Ya kabla ya 2004, yenye kichwa kidogo, mara nyingi inamnyima mwenyewe haki yake.

Pima bila kujidanganya

Kipya kinyemi ingawa kidonda, na dukani usemi huu hutimia kila siku. Mchezaji hufika akiwa hajapasha mwili moto, anapiga mipira mitano kwa fimbo yake ya zamani, kisha anapewa mpya akiwa sasa amelegea na ana hamu. Mpya inashinda. Ingeshinda hata kama wangempa ileile yake iliyopakwa rangi upya.

Chukua mipira dazeni moja ya aina unayochezea. Mipira ya reinji, yaani uwanja wa mazoezi, haifai. Mingi imechakaa na mingine hutengenezwa kwa makusudi isiende mbali. Futa uso wa fimbo zote mbili. Pasha mwili moto kwa dakika 15 ukianza na weji, fimbo fupi za mikwaju ya karibu.

Kisha angalia kinacholinganishwa. Draiva za dukani mara nyingi zina shafti ya inchi 45.5 au 45.75. Ikiwa yako ni ya inchi 44.5, unalinganisha urefu wa shafti, si kichwa. Shafti ndefu huongeza kasi kidogo na kutawanya mipira zaidi. Weka lofti, yaani pembe ya mlalo wa uso wa fimbo, iwe sawa kwa zote mbili. Draiva nyingi za sasa zina shingo ya kurekebishwa inayopandisha au kushusha lofti kwa digrii moja na nusu hadi mbili. Kama yako ni digrii 10.5 na ya duka ni 9, lisawazishe hilo kwanza.

Piga mipira mitano kwa yako, mitano kwa mpya, rudi kwa yako, hadi kila moja ifikishe 15. Kubadilishana hivi ndiko kunakozuia uchovu au mwili uliopata moto kuipendelea fimbo moja. Kwa kila mpira andika umbali wa hewani na ulikoangukia kulia au kushoto. Usifute mkwaju mbaya, kwani hiyo mibaya ndiyo unayotaka kujua fimbo itakusamehe kiasi gani. Ukitumia mashine ya kupimia kama TrackMan au GCQuad, andika pia kasi ya mpira, pembe ya kuondokea na spini (mzunguko wa mpira hewani). Bila mashine, tafuta reinji tambarare, mtu wa kusimama mbele, na kipima umbali cha leza.

Mwisho hesabu mambo mawili: wastani wa umbali, na mipira mingapi kati ya 15 imeangukia ndani ya njia yenye upana wa yadi 30. Fimbo mpya ikikupa yadi tano zaidi lakini mipira tisa badala ya kumi na moja ndani ya njia, umepata hasara. Yadi tano peke yake ni tofauti inayoweza kutokea kati ya mikwaju yako miwili mizuri ya fimbo ileile. Tungeanza kufikiria kulipa kuanzia yadi kumi, au mipira mitatu zaidi ndani ya njia, na hiyo baada ya kurudia jaribio siku nyingine.

Kuna mtego wa hewa pia. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na hewa nyepesi huongeza umbali wa mpira kwa kadiri ya asilimia 6. Anayepiga yadi 200 pwani, Nyali au Dar es Salaam, ataona kama yadi 212 akijaribu draiva mpya Muthaiga, Nairobi. Akirudi pwani nayo, yadi 12 zinabaki bara. Pimia fimbo zote mbili mahali pamoja, siku moja.

Kama tatizo si fimbo

Kabla hujalaumu kichwa cha draiva, jua unagongea wapi. Chora doa kubwa kwa marka ya ubao mweupe nyuma ya mpira, liuelekee uso wa fimbo, kisha piga. Doa litahamia usoni. Fanya hivyo mara kumi, ukifuta kila mara. Madoa yakijikusanya kisigino, shafti inaweza kuwa ndefu mno au unasimama karibu mno na mpira. Yakitawanyika kila mahali, masomo manne kwa mwalimu wa klabu yatakupa yadi nyingi kuliko draiva yoyote. Mashine hulionyesha hili kwa namba moja: gawanya kasi ya mpira kwa kasi ya fimbo. Dari ni karibu 1.50. Mwenye 1.38 hana tatizo la teknolojia.

Umbali nao una hesabu yake. Kila maili moja kwa saa ya kasi ya fimbo huleta kama yadi mbili na nusu. Mzee ambaye kasi yake imeshuka ana sababu halali ya kubadilisha kitu, lakini mara nyingi kinachohitajika ni shafti nyepesi na laini zaidi, pamoja na lofti ya digrii 12, juu ya kichwa alichonacho.

Aironi: soma digrii, usisome namba

Hapa ndipo matangazo yanapocheza zaidi. Aironi ni fimbo za kichwa cha chuma zinazopewa namba, na namba 7 ya seti nyingi za miaka ya 1980 ilikuwa na lofti ya digrii 36 hivi. Seti za leo za kusaidia wachezaji wa kawaida zina namba 7 ya digrii 28 hadi 30. Kati ya namba na namba kuna takriban digrii nne, kwa hiyo ulichoshika ni kama namba 5 ya zamani iliyoandikwa 7. Bila shaka itaenda mbali zaidi.

Si utapeli mtupu. Uzito wa kichwa umeshushwa chini, kwa hiyo mpira bado unapaa vizuri. Ila unapolinganisha, tafuta jedwali la lofti kwenye tovuti ya mtengenezaji, andika digrii za seti yako, kisha pimanisha fimbo zenye digrii zinazokaribiana. Namba 7 mpya ya digrii 29 ishindane na namba 5 yako, au na 6 ikiwa lofti za seti yako nazo ni ndogo kuliko za zamani.

Kinachoharibika baadaye ni mwisho wa seti. Weji ya pichi ambayo zamani ilikuwa digrii 48 sasa ni 43 au 44. Kama weji yako ya mchanga ni 56, kuna pengo la digrii 12 au 13 katikati, na mpira wa yadi 90 utakosa fimbo yake. Utalazimika kuongeza weji ya digrii 49 au 50, ambayo mara nyingi haimo kwenye bei ya seti. Ukikumbuka kuwa kanuni inaruhusu fimbo 14 tu, fimbo nyingine itatoka kwenye mfuko wako wa fimbo.

Kinachochakaa kweli

Uso wa draiva hauchoki kwa kucheza kawaida. Gripu, yaani mshiko wa raba, na mifereji iliyochongwa kwenye uso wa weji huchoka.

Kwa mchezaji wa kila wiki gripu hubadilishwa mara moja kwa mwaka, na pwani mapema zaidi, kwa sababu jasho, chumvi na joto la buti la gari huifanya raba yake ikakamae na kung'aa. Gripu inayoteleza hukufanya ukamate kwa nguvu, mkono unakakamaa na kasi inapotea. Kazi yenyewe unaweza kuifanya nyumbani. Kata gripu ya zamani kwa kisu chenye ncha ya ndoano, ukikielekeza mbali na mwili. Kwenye shafti ya grafaiti usitumie wembe ulionyooka, mkwaruzo mmoja ni mwanzo wa kuvunjika. Ondoa tepu yote ya zamani. Funga tepu ya pande mbili kwa urefu wa gripu, uache sentimita moja na nusu ya kukunjia ndani ya tundu la shafti. Ziba kitundu cha mwisho wa gripu kwa kidole, mimina tapentaini ndani, tikisa, imimine juu ya tepu hadi ilowe yote, kisha sukuma gripu kwa mkupuo mmoja hadi mwisho. Una sekunde chache tu za kunyoosha alama zake. Wanaokwama nusu njia karibu wote walibania tapentaini. Iache usiku kucha.

Weji ipime kwa mpira wa mita 40 kwenye grini. Mifereji ikiisha, mpira hupaa juu zaidi, spini hupungua, na ukitua unakimbia badala ya kusimama. Titleist, watengenezaji wa weji za Vokey, hutaja raundi 75 kama muda wa kufikiria weji mpya. Wao ni wauzaji, kwa hiyo ichukulie kama tarehe ya kuikagua, si ya kuitupa.

Ukiamua kununua, nunua iliyopitwa

TaylorMade na Callaway hutangaza draiva zao mwanzoni mwa mwaka, na za mwaka uliopita huanza kushushwa bei kuanzia miezi ya mwisho. Titleist huenda kwa miaka miwili: TSi 2020, TSR 2022, GT 2024. Ping nayo haina haraka. Kizazi kimoja au viwili nyuma ndipo fedha yako inapopata thamani.

Ukinunua iliyotumika, tikisa kichwa karibu na sikio. Kinacholia ndani ni gundi iliyobanduka au kipande kilichovunjika. Laza kadi ya benki juu ya uso wa draiva: lazima pawe na mbinuko kidogo, ukikuta pamelala kabisa au pamebonyea, uso umekufa. Kagua ufa kwenye shingo, pale shafti inapoingia. Pima urefu wa shafti, maana nyingi zimekatwa na mwenyewe wa kwanza. Gusisha sumaku usoni. Titani haishiki sumaku, na ikinata kwenye draiva inayodaiwa kuwa ya titani umeuziwa bandia. Kisha tafuta jina kamili la kichwa, pamoja na lofti, kwenye orodha ya draiva zilizoidhinishwa inayotolewa na USGA na R&A. Baadhi ya draiva za soko la Asia zilitengenezwa kwa makusudi zivuke kikomo cha COR. Huenda mbali kweli, lakini ukipiga mkwaju kwa mojawapo kwenye mashindano ya klabu umeondolewa.