Namna ya kulinganisha GTX 1060 ya laptopu na RTX A2000, usiangalie kori peke yake

Mtu akitaka kuachana na laptopu yake ya zamani ya gemu achukue laptopu ya kazi nzito, kitu cha kwanza anachoangalia ni kori za CUDA, yaani vitengo vidogo vya hesabu ndani ya kadi ya picha ya NVIDIA, anakuta GTX 1060 (kadi ya gemu) ina 1280 na RTX A2000 ya laptopu (kadi ya kazi nzito) ina 2560, basi anajiambia mpya ina nguvu mara mbili. Hapana jamani, hizo namba hazilingani hivyo. GTX 1060 ni ya 2016, kizazi kinachoitwa Pascal, A2000 ni ya 2021, kizazi cha Ampere, na kwenye Ampere nusu ya zile kori zinafanya kazi mbili, zinapiga hesabu za desimali na pia za namba nzima, kwahiyo kazi ikichanganya zote mbili ile nusu inabidi igawane muda. Mpya inashinda ndio, ila sio kwa kiasi ambacho 2560 inakuaminisha.

Anza kwa kuhakikisha unalinganisha kadi sahihi. Jina A2000 lipo pia kwenye kadi ya kompyuta ya mezani, na hiyo ina kori 3328 na memori ya GB 6 au GB 12, wakati ya laptopu mara nyingi inakuja na GB 4. Ukisoma matokeo ya ile ya mezani ukadhani ndio yako utaumia. Shusha GPU-Z, programu ya bure inayoonyesha taarifa za kadi ya picha, ifungue kwenye mashine zote mbili uandike pembeni aina ya memori, ukubwa wake na upana wa njia yake ya data kwa biti (bus width).

Sasa hapo kwenye memori ndio naomba utulie, manake ndipo watu wanapopotezea hela zao. GTX 1060 ya laptopu ina GB 6 za GDDR5 kwenye njia ya biti 192. A2000 ya GB 4 inatumia GDDR6, ambayo ina kasi zaidi, lakini njia yake ni biti 128 tu. Kupata kasi ya memori gawanya biti kwa 8 halafu zidisha na gigabiti ambazo kila pini inapitisha kwa sekunde (8 kwa 1060): 1060 inakuwa 192 ÷ 8 × 8, yaani GB 192 kwa sekunde, na A2000 ikiwa na memori ya gigabiti 12 inakuwa 128 ÷ 8 × 12, jibu ni lile lile 192! Miaka mitano imepita na kwa hilo hamna aliyemzidi mwenzake, na kwa ukubwa ya zamani iko mbele.

Kwahiyo kabla hujaamua chochote fungua mradi wako mzito kuliko yote kwenye laptopu ya zamani, nenda Task Manager sehemu ya GPU, utaona memori ya kadi yenyewe na chini yake ile inayokopwa kwenye RAM. Kama ya kadi imefika GB 5 na kitu, jua mradi huo huo ukienda kwenye kadi ya GB 4 utamwagikia kwenye RAM na kila kitu kitakuwa kizito, hata kadi iwe mpya vipi. Hapo tafuta A2000 yenye GB 8, zipo.

Kingine ni wati. A2000 ya laptopu inaruhusiwa kuanzia wati 35 mpaka 95 kutegemea aliyeitengeneza laptopu, na laptopu nyembamba karibu siku zote inapewa chache. Kwa hiyo laptopu mbili zenye jina lile lile la kadi zinaweza kupishana sana. Chomeka chaja, weka mashine kwenye nguvu kamili, rendisha (yaani tengeneza picha ya mwisho) faili lile lile kwa toleo lile lile la Blender, programu ya 3D, acha iende kama robo saa huku GPU-Z iko wazi, uangalie wati na kasi ya kadi (clock) zinatulia wapi joto likishapanda. Dakika mbili za mwanzo zinadanganya. Na ile ya zamani isafishe vumbi kwenye feni kwanza, la sivyo unapima uchafu.

Baada ya hapo inategemea unafanya nini. Ukirendisha kwa Cycles, injini ya kurendisha ya Blender, A2000 ina vitengo maalumu vya kufuatilia miale ya mwanga ambavyo 1060 haina kabisa, weka OptiX, chaguo linalovitumia vitengo hivyo, kwenye mipangilio na tofauti utaiona kwa macho. Ukichora kwenye SolidWorks, programu ya CAD (kusanifu kwa kompyuta), unapata draiva, yaani programu za kuiendesha kadi, zilizothibitishwa kwa programu hiyo, na mimi kwa mtu wa CAD ningechukua A2000 kwa sababu hiyo tu. Kama kazi yako ni gemu peke yake, usiitafute A2000, tafuta kadi ya gemu ya kizazi kipya.

Halafu kuna draiva za Pascal. NVIDIA walisimamisha draiva mpya za gemu kwa kadi hizo Oktoba 2025, zimebaki marekebisho ya usalama mpaka Oktoba 2028, na CUDA 13, toleo la programu ya NVIDIA ya kufanyia hesabu kwenye kadi, imeiondoa Pascal moja kwa moja. Kwahiyo kama unafundisha modeli za AI na programu yako inadai CUDA 13, 1060 haifai tena hata ikiwa na memori kubwa zaidi.