Kabla hujanunua tairi mpya za gari ya spoti, hakikisha haya

Wenye gari za spoti wengi wakiona kashata za tairi (mpira wa juu wenye mifereji unaogusa barabara) zinaisha wanakimbilia kuuliza brandi gani ni kali na bei ikoje, wakati hawajajua gari yenyewe inataka nini. Anzia kwenye gari. Fungua mlango wa dereva, pale kwenye nguzo kuna stika ina saizi ya mbele, saizi ya nyuma na presha ya upepo, piga picha ukae nayo kwenye simu. Usikopi tu kilichoandikwa kwenye tairi zilizopo sasa, maana kama gari umeinunua kwa mtu, yeye anaweza kuwa alishafunga saizi zake alizopenda.

Tuseme umekuta 245/40R18 97Y. Upana milimita 245, ubavu ni asilimia 40 ya huo upana, ringi inchi 18. Wengi wanaishia hapo, ila kwenye gari yenye mbio ile 97Y ya mwisho ndo ya kushikilia. 97 ni kwamba tairi moja inabeba kilo 730, na Y ni kwamba imepimwa kwa mwendo mpaka 300 km/h (W ni 270, V ni 240, H ni 210). Usishuke chini ya alichoandika mtengenezaji hata kama hujawahi kuvuka 120, kwa sababu herufi ya mwendo mdogo mara nyingi inakuja na ubavu laini zaidi na ukiingia kona unausikia usukani unachelewa kujibu, na gari uliinunua kwa ajili ya hizo kona!

Kama mbele ni nyembamba na nyuma ni pana, jua mapema kwamba huwezi kuzungusha za mbele ziende nyuma, na kama inasukumwa na miguu ya nyuma basi za nyuma zitaisha haraka, jipange kwa hilo. Gari inayovuta miguu yote minne ndo inataka umakini zaidi. Ukifunga mbili mpya na mbili zilizolika, mpya zina mzunguko mkubwa kuliko za zamani, kwa hiyo difu ya katikati (inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma) inafanya kazi muda wote hata ukiwa umenyooka barabarani, inapata moto na mwisho inakufa. Subaru wanataka mzunguko wa tairi zote nne usipishane zaidi ya robo inchi, hapo hakuna nafasi ya kubahatisha. Nunua nne, na kama hela ya nne haijatimia bora usubiri huku gari imepaki.

Wanaotaka kupanua tairi, piga hesabu ya kipenyo kwanza. 225/40R18 ina kama milimita 637, ukiruka kwenda 245/40R18 unafika 653 na spidomita inaanza kusoma pungufu. Ukienda 255/35R18 unapata 636, karibu sawasawa na ya mwanzo, ila hiyo inataka ringi pana, ukiilazimisha kwenye ringi yenye upana wa inchi 7.5 ubavu unabinuka na ule upana ulioulipia hauutumii. Halafu zungusha usukani mpaka mwisho uone kama haigusi fenda wala shokapu.

Kuna alama ndogo ubavuni watu hawaziangalii: N0 au N1 ni za Porsche, nyota ni BMW, MO ni Mercedes, AO ni Audi. Tairi ya jina lilelile yenye alama na isiyo na alama inaweza kutofautiana mpira na ubavu, kwa hiyo usichanganye, angalau kwenye ekseli moja kamwe.

Sasa matumizi, na hapa naomba mtu awe mkweli na nafsi yake. Tairi za mbio kama Michelin Pilot Sport Cup 2 zinashika lami kavu vizuri sana lakini mifereji yake ni michache, mvua kubwa ikikukuta kwenye spidi gari inaelea juu ya maji. Kama hii ndo gari ya kwenda nayo kazini na kubeba watoto, chukua tairi ya spoti ya barabarani, usiingie huko. Na mpira wa tairi za joto, kama hizi za spoti, unakakamaa kwenye baridi ya chini ya nyuzi 7, anayeishi kwenye barafu awe na seti nyingine.

Dukani soma tarakimu nne za mwisho za DOT (namba ya kiwandani iliyochapwa ubavuni mwa tairi), 2319 ni wiki ya 23 mwaka 2019, usikubali tairi iliyokaa stoo miaka halafu uuziwe kama mpya. Kama gari ilikuja na ranifleti (tairi zinazoweza kutembea kidogo hata zikiisha upepo) na haina spea, ukiweka za kawaida nunua na kifaa cha kuzibia pancha kabisa.

Kabla ya kufunga, bushi zikaguliwe, baada ya kufunga alaimenti (mnyooko wa magurudumu) ipimwe, vinginevyo tairi mpya zinalika upande mmoja. Nati zikazwe kwa spana ya kupimia nguvu na zirudiwe baada ya kilomita kama 100. Na kilomita 300 za mwanzo nenda taratibu, juu ya mpira mpya kuna utelezi wa kiwandani ambao lazima ulike kwanza ndo ubane kona.